Nikola Tesla, fundi wa umeme aliyejua hadhari

IPO picha moja mashuhuri ambayo kila aionaye hushikwa na bumbuazi. Ndani yake aonekana bwana mwembamba mwenye masharubu, ameketi kitini kwa utulivu, akisoma maandishi yake kama mtu aliyeketi barazani jioni akipunga upepo. Juu ya kichwa chake miali ya umeme, mirefu na yenye matawi mengi, imetapakaa toka pembe moja ya banda hadi ya pili. Bwana huyo wala hageuki kuitazama. Picha hiyo ilipigwa mwishoni mwa mwaka wa 1899 katika mji wa Colorado Springs, Marekani, na bwana mwenyewe ni marehemu Nikola Tesla.

Siku hizi picha hiyo yazunguka katika simu za mkononi, na huwafikia vijana wapenda ufundi popote walipo, iwe ni Mwembe Tayari, Mombasa, au Lucky Summer, mtaa ulio Ruaraka upande wa mashariki ya Nairobi, jirani na Baba Dogo na Korogocho. Kijana akishaiona hutamani kujiundia nyumbani chombo kilichotoa miali ile, chombo kiitwacho mpaka leo koili ya Tesla. Na vitu vya kuundia si adimu. Transfoma ya taa za matangazo ya dukani, waya wa shaba, bomba la plastiki na vyuma chakavu huweza kupatikana kwa fedha si nyingi.

Hapo ndipo penye hatari. Wengi huiga picha bila kumjua mtu aliye ndani yake. Laiti wangelijua maisha yake, wangelijua pia kwamba hakuketi pale miali ilipokuwa ikiruka. Tutafika huko. Kwanza tumweleze mwenyewe.

KUZALIWA NA MALEZI

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai mwaka wa 1856 katika kijiji cha Smiljan, jimbo la Lika, ambalo leo limo katika nchi ya Kroatia. Zama zile jimbo hilo lilikuwa chini ya Dola ya Austria, nalo lilikuwa mpaka wa kijeshi uliowekwa kukabiliana na Dola ya Uthmaniya ya Waturuki. Ng'ambo ya mpaka huo ndiko Bosnia, nchi ambayo mpaka leo ina Waislamu wengi. Watu wa nyumbani kwa kina Tesla walikuwa Waserbia, na baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi.

Mama yake, Djuka, hakujua kusoma wala kuandika. Lakini alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alihifadhi moyoni tenzi ndefu za watu wake, na alikuwa hodari wa kubuni vyombo vya nyumbani na vya kufumia kwa mikono yake. Tesla alipokuwa mtu mzima na jina lake limeenea duniani, hakuacha kusema kwamba kipaji chake alikirithi kwa mama.

Msiba uliingia nyumbani mapema. Ndugu yake mkubwa, Dane, aliyekuwa tegemeo la wazazi kwa akili zake, alifariki kwa ajali ya farasi, na Nikola angali mtoto mdogo. Toka siku ile aliishi katika kivuli cha marehemu kaka yake, kila alifanyalo jema likiwakumbusha wazee yule aliyeondoka.

Baba alitaka mwanawe awe kasisi kama yeye. Kijana alitaka uhandisi. Baada ya kumaliza shule katika mji wa Karlovac mwaka wa 1873 alirejea nyumbani, akashikwa na kipindupindu, akalala kitandani kwa miezi mingi kati ya uhai na mauti. Katika hali hiyo baba aliahidi kwamba akipona atampeleka chuo cha ufundi kilicho bora. Akapona, na ahadi ikatimizwa: mwaka wa 1875 aliingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria.

Huko Graz aliona darasani mashine ya umeme ikitoa cheche nyingi mahali ambapo brashi zake zilisugua kwenye sehemu inayozunguka. Akasema kwamba huenda cheche hizo zikaondolewa kabisa iwapo umeme wenyewe utaachwa ugeuke upendavyo. Mwalimu wake alimpinga mbele ya wenzake na kumwonyesha kwamba jambo hilo haliwezekani. Kijana alinyamaza, lakini fikira hiyo haikumtoka. Masomo yenyewe hakuyamaliza; aliondoka chuoni bila cheti, na mwaka wa 1879 baba yake akafariki.

UMEME UNAOJAA NA KUPWA

Ili kufahamu alilolifanya Tesla, yafaa kujua kwamba umeme una mienendo miwili. Ule wa betri huenda upande mmoja tu. Wa pili huenda na kurudi, kama bahari inavyojaa na kupwa, ila kupwa na kujaa kwake ni mara nyingi katika kila sekunde. Umeme wa majumbani kwetu Kenya ni huo wa pili, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja.

Mwaka wa 1882, akifanya kazi ya simu mjini Budapest, Tesla alikuwa akitembea bustanini na rafiki yake jioni. Ghafla likamjia jawabu la lile swali la Graz. Aliona kwamba mikondo kadhaa inayogeuka, ikipishana kwa mpango, yaweza kufanya nguvu ya sumaku izunguke yenyewe, na chuma kilicho katikati kizunguke nayo bila brashi na bila cheche. Mota nyingi za viwandani leo, na nyingi za pampu za maji na mapangaboi, zatokana na wazo hilo.

Mwaka wa 1884 alivuka bahari hadi New York, na kwa usemi wake mwenyewe alishuka melini akiwa na senti nne tu mfukoni. Alipata kazi kwa Thomas Edison, mvumbuzi aliyekuwa tayari amepata sifa na mali. Lakini Edison alikuwa ameuwekea mtaji wake ule umeme wa upande mmoja, ambao haukuweza kusafirishwa mbali. Baada ya miezi michache wakahitilafiana, Tesla akaondoka. Kampuni aliyoianzisha na watu wengine ikamponyoka mikononi, na katika majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887 msomi huyo alichimba mitaro mjini New York kwa ujira wa dola mbili kwa siku.

Mungu hamtupi mja wake. Walijitokeza wafadhili wawili wakamfungulia karakana, na tarehe 1 Mei mwaka wa 1888 akapewa hati za haki ya uvumbuzi kwa mota zake na mfumo wake wa umeme. Mwaka uo huo tajiri George Westinghouse alinunua ruhusa ya kuzitumia. Vita vya maneno vikazuka baina ya makampuni. Wapinzani wa umeme unaogeuka waliua wanyama hadharani kwa umeme huo ili kuwatisha watu. Hata hivyo maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka wa 1893 yaliwashwa kwa umeme unaogeuka, na mwezi wa Novemba mwaka wa 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo, mwendo wa zaidi ya maili ishirini.

Siri ya kusafiri mbali ni transfoma. Umeme unaogeuka huweza kupandishwa msongo hadi volti nyingi sana, ukapita katika waya bila kupotea sana njiani, kisha ukashushwa unapofika. Watu wa pwani waujuao Mto Tana hapo unapomwaga maji yake baharini karibu na Kipini, wajue kwamba maji hayo yameshafanya kazi huko juu. Yamezungusha mitambo ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na umeme wake hupelekwa hadi kituo cha Dandora, jirani na Lucky Summer, kwa msongo wa volti 220,000. Toka Nairobi ziko nyaya zingine za volti 132,000 zinazoteremka hadi Rabai, nyuma ya Mombasa. Ikifika katika chumba cha mpangaji msongo ni volti 240 tu. Kupanda huko na kushuka kote ni kwa umeme ule ambao mwalimu wa Graz hakuutaka.

Sisi wa pwani hatukuwa wa mwisho kuuona umeme. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja toka mwaka wa 1870 hadi 1888, alileta mtambo kuangaza jumba lake, na mwaka wa 1908 mtambo huo ukanunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kampuni ya umeme mjini humo.

KOILI YENYEWE

Baada ya mota zake kumpa jina, Tesla aligeukia jambo lingine. Alitaka umeme unaogeuka si mara makumi kwa sekunde bali mara maelfu na malaki. Kwanza aliunda mashine za kuzunguka kwa kasi mno, lakini zina mpaka wake. Kisha akajaribu koili za zamani zilizofungwa juu ya kiini cha chuma. Chuma kikapata moto sana, na kihami kilichotenga waya mmoja na mwingine kikayeyuka.

Fundi mwingine angalizidisha kihami. Tesla alikiondoa chuma. Akaacha hewa tupu baina ya koili ya kwanza na ya pili, akaongeza kapasita, yaani chombo cha kuweka akiba ya umeme, na mwanya mdogo wa kurukia cheche. Mwaka wa 1891 chombo hicho kikaandikishwa kwa jina lake.

Kazi yake ni hivi. Transfoma hupandisha umeme hadi volti maelfu na kuujaza katika kapasita. Kapasita ikijaa hewa iliyo mwanyani hushindwa, cheche huruka, na umeme wote wa akiba hupita kwa kishindo katika koili ya kwanza, ambayo ni mizunguko michache ya shaba nene. Hauishi kwa pigo moja. Huenda na kurudi mara nyingi baina ya koili na kapasita kabla ya kutulia. Ndani ya koili hiyo imesimamishwa koili ya pili, ndefu, ya mizunguko mamia au elfu ya waya mwembamba. Mfano wake ni mtoto aliye juu ya pembea za sikukuu ya Idi. Ukimsukuma ovyo haendi popote. Ukimsukuma kila anaporudi, pigo dogo dogo humpandisha hadi roho za wazazi zikaruka. Koili mbili zikilingana mwendo, ya pili hupanda kwa namna hiyo hiyo, na kileleni mwake umeme huvunja hewa na kutoka kwa miali.

Hapo Tesla aliingia katika shida ambayo kila aliyeiga kazi yake ameikuta. Umeme wa msongo mkubwa una tabia ya maji katika jahazi. Hutafuta ufa. Panapo ncha kali hutoka, panapo kiungo kilicholegea huruka, panapo kihami chenye tundu la hewa huchoma hadi ukapenya. Waunda jahazi hutia kalafati kila mwanya, na Tesla naye alifanya mfano wa hayo. Alizitumbukiza koili zake katika mafuta ya kitani yaliyochemshwa ili hewa yote itoke, kwa kuwa alitambua kwamba kiputo kimoja cha hewa ndani ya kihami ndicho chanzo cha kuharibika. Miisho ya waya aliipa mipira na miviringo ya chuma laini pasiwe na ncha.

Kwa chombo hicho aliwashangaza wataalamu wa New York mwaka wa 1891 na wa London na Paris mwaka wa 1892. Taa za vioo ziliwaka mkononi mwake bila waya. Aliupitisha umeme mwilini mwake mbele ya watu na asidhurike. Safari hiyo ilimalizikia kwa huzuni, maana toka Paris aliitwa haraka nyumbani, na mama yake akafariki mwezi wa Aprili mwaka wa 1892.

Michezo ile ya jukwaani ilizaa dhana ambayo ingali ikiua watu. Wengi husema umeme wa koili ya Tesla haudhuru. Ukweli ni kwamba umeme unaogeuka mara malaki kwa sekunde haushtui mishipa ya fahamu kama ule wa nyumbani, lakini huunguza nyama. Na upande wa pili wa chombo, pale penye transfoma na kapasita, umeme ni wa mwendo wa kawaida wenye volti maelfu, nao hausamehe. Tesla alijua vema upande gani wa kugusa na upande gani wa kukaa mbali nao.

COLORADO SPRINGS NA PICHA

Mwezi wa Machi mwaka wa 1895 karakana yake ya New York iliteketea kwa moto, na vyombo na maandishi ya miaka mingi yakaenda nayo. Hakuwa na bima. Alianza upya, na mwaka wa 1898 akaonyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mbali bila waya, jambo ambalo watu walidhani ni uchawi.

Mwaka wa 1899 alikwenda Colorado Springs, mji wa milimani wenye radi nyingi. Alijenga banda la mbao, ndani yake koili ambayo duara lake la nje lilikuwa na upana wa karibu futi 50, na juu ya paa mlingoti wenye tufe la shaba kileleni. Alitaka kujua kama umeme waweza kupelekwa mahali pote duniani kwa kupitia ardhini, bila nyaya. Nje ya banda liliwekwa tangazo la kuwaonya watu wasikaribie. Wakati wa majaribio yeye na wasaidizi wake walikuwa na desturi zao za kusimama mbali na kufungua na kufunga umeme kwa wakati maalumu.

Naam, na picha? Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpiga picha wake, Dickenson Alley, aliweka kamera mahali pamoja na kuinasa miali gizani, banda likiwa halina mtu. Kisha koili ikazimwa, Tesla akaja akaketi kitini, na sahani ile ile ya picha ikamulikwa mara ya pili. Mambo mawili ya nyakati mbili yakawa picha moja. Tesla mwenyewe aliyaandika hayo katika kumbukumbu zake. Alitaka picha ya kuwavutia matajiri watoe fedha, wala hakukusudia kumfundisha mtu kuketi chini ya miali.

Ndiyo maana twasema picha yamdhulumu marehemu. Yamwonyesha mtu asiyejali mauti, hali yeye alikuwa mwangalifu kupita mafundi wengi wa zama zake. Alifanya kazi na volti mamilioni akaishi miaka 86.

MNARA NA MWISHO WAKE

Aliporejea New York alimwendea tajiri wa mabenki J. P. Morgan, akapata dola 150,000. Mwaka wa 1901 akaanza kujenga mnara mkubwa mahali paitwapo Wardenclyffe, katika kisiwa cha Long Island, wenye kimo cha zaidi ya futi 180. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kupeleka habari ng'ambo ya bahari. Lakini mwezi wa Desemba mwaka uo huo Mwitalia Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepeleka ishara ya redio kuvuka Atlantiki kwa vyombo vya bei nafuu. Tesla aliomba fedha zaidi, akieleza kuwa mnara wake utapeleka na nguvu za umeme pia. Morgan akakataa.

Kazi ilisimama. Kampuni ya Westinghouse ilikuwa imekwisha nunua haki zote za mota zake mwaka wa 1897 kwa dola 216,000, kwa hiyo hakikuwapo cha kuendelea kuingia. Mwaka wa 1917 mnara ulibomolewa, na vyuma vikauzwa. Mwaka uo huo wahandisi wa Marekani walimpa nishani ambayo, kwa kejeli ya dunia, ilibeba jina la Edison.

Tesla hakuoa wala hakuacha mtoto. Alihama hoteli hadi hoteli, madeni yakimfuata nyuma. Toka mwaka wa 1934 kampuni ya Westinghouse ilimlipia chumba na kumpa posho kila mwezi, na serikali ya Yugoslavia nayo ikamsaidia. Starehe yake kubwa ilikuwa kuwalisha njiwa katika bustani za mji, na wagonjwa aliwachukua chumbani kwake kuwauguza.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tarehe 7 Januari mwaka wa 1943 alifariki peke yake katika chumba nambari 3327 cha hoteli ya New Yorker. Mazishi yake yalihudhuriwa na watu zaidi ya 2,000. Miezi michache baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu ya madai ya Marconi juu ya redio, ikitaja kazi za waliomtangulia, Tesla akiwa mmoja wao. Majivu yake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Belgrade, na toka mwaka wa 1960 kipimo cha nguvu ya sumaku huitwa tesla kote duniani.

KIJANA WA LUCKY SUMMER

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tuseme anaishi Lucky Summer, katika chumba cha kupanga cha ghorofa ya tatu, na vifaa amekwisha kusanya. Kilichobaki ni kuunga nyaya. Kazi hiyo yaonekana ndogo, kumbe ndiyo penye kufa na kupona.

Kiungo cha kwanza ni kati ya transfoma na mwanya wa cheche. Hapo wapita umeme wa volti maelfu. Waya wa kawaida wa nyumbani, wenye mpira mwembamba wa kuzuia volti 240, hauwezi kuuzuia, hata ukizungushiwa utepe mara kumi. Kiungo cha pili ni baina ya mwanya, kapasita na koili ya kwanza. Umeme wa mwendo wa kasi hupita juu juu ya ngozi ya shaba, kwa hiyo hutaka ukanda mpana, mfupi, ulionyooka, na boliti zilizokazwa sawasawa. Boliti ikilegea hugeuka mwanya wa pili wa cheche, na moto huanzia hapo.

Kiungo cha tatu ndicho kisahauliwacho kuliko vyote. Mwisho wa chini wa koili ya pili hauna budi kushuka ardhini, kwa waya wake wenyewe, hadi nondo iliyopigiliwa katika udongo wenye unyevu. Usiungwe na waya wa ardhini wa nyumba, wala bomba la maji, maana ukifanya hivyo msongo huingia katika nyaya za jirani, ukaharibu vyombo vyake au ukampiga mtu aliyeshika bomba akichota maji. Na kiungo hicho kikikatika koili ingali yafanya kazi, umeme hutafuta njia nyingine ya kwenda chini, na njia iliyo karibu huenda ikawa ni kijana mwenyewe.

Basi katika ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga, nondo itapigiliwa wapi? Udongo haupo. Hilo peke yake latosha kuwa jawabu: mahali hapo hapafai.

Lipo na la mwisho. Umeme ukizimwa ukutani, kapasita yaweza kubaki na akiba yake. Mafundi wa televisheni za zamani wajua vizuri habari hii, kwa sababu ndani ya televisheni zile mna volti hadi elfu ishirini na tano hivi, nao hawagusi kitu kabla ya kuutoa umeme uliobaki. Wazee wa kazi walifundishana kufanya kwa mkono mmoja, na wa pili kuutia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kwenye moyo.

Hatusemi vijana waache. Nchi isiyo na vijana wa kushangaa mbele ya cheche haitapata wahandisi. Twasema watafute mwalimu na karakana. Pwani tuna mfano wetu. Kile Chuo cha Elimu cha Waislamu cha Mombasa, MIOME, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1951, kilianzishwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate ufundi. Kilikuja kuwa Mombasa Politekniki mwaka wa 1972, na toka mwaka wa 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mahali kama hapo pana ardhi ya kupigilia nondo, pana swichi ya kuzimia iliyo mbali, na pana mtu mzima wa kumwambia kijana ngoja.

Tesla mwenyewe alingoja. Miaka kadhaa ilipita toka jioni ile ya Budapest hadi mota zake zikaanza kutumika, naye alikuwa mwangalifu katika kazi yake. Kijana atakaye kumfuata na amfuate katika hilo, ndipo miali itakapomfurahisha naye akiwa hai wa kuisimulia.